Traki ya GPS ina kasoro? Fungua faili kabla hujailaumu setilaiti

Anayechangia ramani huria kwa miguu hafiki mbali kabla hajakutana na traki, yaani mstari wa nukta uliorekodiwa na simu, isiyofanana na njia aliyopita. Mstari umekatika, umepanda juu ya mapaa, umetua nchi nyingine, au umepakiwa salama na bado barabara haionekani kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Lawama ya kwanza huelekezwa angani. Lakini simu ya kawaida ya leo, penye anga wazi, hukosea kwa mita 5 hivi tu. Kosa likizidi hapo kwa mbali lina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho ni mipangilio ya simu au namna tulivyolielewa faili lenyewe.

Kwa hiyo anza na faili. GPX, aina ya faili linalohifadhi traki, ni maandishi matupu, hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, hata kwenye simu. Kila nukta ya traki ina lat (latitudo), lon (longitudo) na time (muda), na aghalabu ele, yaani mwinuko. Nukta ya Tandale, kwa mfano, itasomeka lat="-6.7950" lon="39.2417", na muda wake 2025-03-08T06:14:07Z. Ile Z ya mwisho inaonyesha kwamba muda umeandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtembeaji huyo alikuwa njiani saa tatu na dakika 14 asubuhi.

Pitisha macho kwenye nukta chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Dalili nyingi zilizotajwa hapa zitajulikana papo hapo.

## Mstari umekatika, kisha unaendelea mbali

Soma muda wa nukta mbili zilizo kwenye kingo za pengo. Kama moja ni 06:14:07 na inayofuata ni 06:31:50, simu ilinyamaza kwa zaidi ya dakika 17. Setilaiti hazikutoweka muda wote huo, programu ilizimwa. Simu nyingi za Android za bei nafuu husifiwa kwa betri inayokaa siku nzima, na sehemu ya siri yake ni kuzifunga programu zinazofanya kazi chinichini mara skrini inapozimwa. Kirekodi cha GPS hufungwa mapema kwa kuwa kinakula betri kila sekunde.

Marekebisho yako sehemu kadhaa, na kugusa moja ukaacha nyingine hakusaidii. Ruhusa ya mahali iwe ya wakati wote, kama programu inaiomba. Kwenye mipangilio ya betri, itoe programu hiyo katika orodha ya zinazobanwa. Hali ya kuokoa betri izimwe kabisa, maana kwenye simu nyingi hali hiyo hukata GPS skrini ikilala, hata kama programu yenyewe imeruhusiwa. Halafu kuna menyu ya mtengenezaji wa simu, ambayo mara nyingi hujificha ndani ya programu ya "usimamizi wa simu" iliyokuja nayo. Humo utakuta orodha nyingine ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha na kubaki hai. Hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, kisha wanasema OsmAnd, programu ya ramani inayorekodi traki, ni mbovu.

Jaribu kabla ya siku ya kazi. Anza kurekodi, zima skrini, tia simu mfukoni, nenda dukani na urudi. Ukifungua faili ukakuta muda unafuatana bila kuruka, mipangilio imekubali. Wala usidhani kwamba ilivyokubali mwezi uliopita bado inakubali: simu ikisasishwa, mipangilio hii wakati mwingine hurudi ilivyokuwa.

Pengo linaweza kuwa la aina nyingine. Muda unafuatana kwa usawa, tuseme kila sekunde 10, lakini kona zote zimekatwa na mzunguko wa barabara umegeuka pembetatu. Hapo tatizo ni hesabu tu. Mtu anayetembea kwa kilomita 5 kwa saa husogea mita 14 ndani ya sekunde 10, na hilo linavumilika. Aliyepanda bodaboda kwa kilomita 40 kwa saa husogea mita 111 ndani ya sekunde hizo hizo. Kichochoro kizima kinaweza kupita bila nukta hata moja. Weka sekunde 1 au 2 ukiwa kwenye chombo. Wapo wanaohofia faili litakuwa kubwa, lakini saa nzima ya nukta za kila sekunde ni nukta 3,600 tu, na kwa kawaida faili lake halifiki megabaiti moja. Betri inaliwa na GPS kuwa hewani. Kuandika nukta ni gharama ndogo sana.

Na kama mapengo yanatokea vichochoroni tu huku barabara kubwa zikiwa nzima, angalia vichujio. OsmAnd ina kichujio cha usahihi na cha mwendo wa chini. Ukiiambia itupe kila nukta yenye shaka ya zaidi ya mita 5, itazitupa karibu zote za vichochoroni, kwa utii kamili. Ondoa vichujio, rekodi kila kitu, kisha chambua ukiwa umekaa.

## Simu haipati mahali, au inachukua dakika nyingi

Ili ijue ilipo, simu inahitaji kusikia angalau setilaiti 4, na inahitaji kujua njia za setilaiti hizo angani. Habari hizo hutumwa na setilaiti zenyewe, polepole mno: data ya mzingo wa setilaiti moja huchukua sekunde 30 kupokelewa, na ratiba ya jumla ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu yenye bando huruka foleni hiyo kwa kuchukua habari hizo kwenye intaneti. Simu isiyo na bando, au iliyokaa imezimwa wiki kadhaa, au iliyosafirishwa kutoka mkoa wa mbali, inalazimika kusubiri.

Basi washa GPS kabla hujaondoka penye mtandao. Kama uko kijijini bila mtandao, simama uwanjani, usitembee, usiifunike simu kwa kiganja, na uipe muda. Kutembea chini ya miembe huku ukisubiri kunairudisha nyuma kila inapokaribia kumaliza kusoma ujumbe wa setilaiti.

## Mstari unayumba, unaruka juu ya nyumba

Hapa ndipo setilaiti zinapoweza kulaumiwa kwa haki, ingawa si zenyewe bali kuta. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, au katikati ya maghorofa ya Kariakoo, mawimbi hayaifikii simu moja kwa moja. Hugonga ukuta kwanza, kama mwangwi unaochelewa, na simu huhesabu ule mzunguko wa ziada kuwa ni umbali. Matokeo yake unajikuta ghafla upande wa pili wa mtaa, kisha unarudi. Mapaa ya bati yaliyobanana, kama ya Tandale na Manzese, yanaleta shida ya namna hiyo hiyo.

Pita njia hiyo kwenda na kurudi, na ikiwezekana siku nyingine saa tofauti, kwa sababu setilaiti huwa zimebadili mpangilio. Kisha chora katikati ya traki hizo. Traki moja ya Mji Mkongwe haifai kuhamishia kichochoro kilichochorwa tayari na mtu mwingine. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kila mara yuko mgeni mwenye traki moja anayesogeza mtaa mzima mita 8 akidhani anasahihisha.

Kuna mahali ambapo hata traki tano hazisaidii. Vichochoro viwili vimepakana, kila kimoja kina upana wa mita moja na nusu, na kosa la simu ni mita 5 au zaidi. Hapo GPS haiwezi kukwambia uko kipi. Miradi iliyochora mitaa ya namna hiyo iliegemea picha na karatasi: Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya kukabili mafuriko, iliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa, pamoja na picha za droni zinazoonyesha hata mfereji. Chapisha picha ya mtaa, ingia na kalamu, hesabu nyumba. Mkazi anayeujua mtaa wake atakuonyesha mfereji umepita nyuma ya nyumba ya nani, jambo ambalo hakuna kifaa kitakachokuonyesha.

Mruko wa aina moja unafanana na huo lakini ni kitu kingine: nukta zinakwenda sehemu moja ileile, mita mia kadhaa kando, kisha zinarudi, tena na tena. Hiyo ni simu inayokisia mahali kwa minara ya mtandao au Wi-Fi pale GPS inapofifia. Chagua kirekodi kinachotumia GPS peke yake; OSMTracker hufanya hivyo.

Kishada cha mistari iliyovurugana sehemu moja ni pale uliposimama kunywa chai. Kikate tu.

## Nukta zimetua Ethiopia, Hispania au baharini

Haya yanawapata zaidi wanaoandika namba kwa mkono au kuhamisha orodha ya shule na visima kutoka kwenye jedwali. Ramani yenyewe hukwambia kosa ni lipi. Nukta ya Tandale ikipoteza alama ya kutoa hutua kusini mwa Ethiopia, karibu na milima ya Bale. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, inahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Zikibadilishana na alama ya kutoa ikapotea pia, inazama Mediterania, magharibi ya Sardinia. Ikiwa kila kitu kimerundikana Ghuba ya Guinea, jedwali lako lina visanduku vitupu vilivyosomwa kuwa sufuri.

Kosa la hatari ni lile lisilochekesha. Nukta ya Nairobi iliyokosa alama ya kutoa huangukia upande wa Maralal, ndani ya Kenya ile ile, na asiyekuwa makini ataipitisha. Vivyo hivyo nyuzi na dakika zikisomwa kama desimali: 6°47.7′ ni nyuzi 6.795, lakini aliyeandika 6.477 amekipeleka kisima cha Tandale zaidi ya kilomita 35 kaskazini, ndani ya bahari.

Kama kila kitu kiko sawa isipokuwa kimesogea mita 300 hivi, vyote kwa mwelekeo mmoja, namba hizo zilitoka kwenye ramani za zamani za serikali. Ramani nyingi za karatasi za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati GPS na OpenStreetMap hutumia WGS84. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, hubadilisha kutoka huku kwenda kule, mradi uitajie mfumo wa asili ulio sahihi. Kabla ya hapo, hakikisha una ruhusa ya kuzitumia data hizo. Kuwa na ramani mezani si kibali cha kuinakili kwenye ramani huria.

Na mwinuko? Ukiwa ufukweni Dar es Salaam simu ikasema uko mita ishirini na kitu chini ya sufuri, haijaharibika. Baadhi ya simu huhesabu mwinuko kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo. OpenStreetMap haiujali mwinuko wa traki yako, nawe usiujali.

## Tarehe au saa si sahihi

Vifaa vya GPS vya mkononi vya zamani wakati mwingine huandika tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2019, na kifaa kisichosasishwa hakijui. Mahali ni sahihi, tarehe tu ndiyo ya uongo. GPSBabel, programu ya kubadilisha faili za GPS, inaweza kuisogeza.

Picha zilizopigwa kwa kamera ya pembeni zikijipanga kwenye JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri OpenStreetMap, mahali ambapo hukuwepo, tofauti huwa ni zile saa 3 za UTC, au saa ya kamera haijawekwa sawa. Anza kila safari kwa kupiga picha ya saa ya simu. Ukishaifungua hiyo na kuandika saa inayoonekana ndani yake, JOSM itakokotoa tofauti na kuzirudisha zote njiani.

## OpenStreetMap imelikataa faili

Baada ya kupakia, ujumbe huja kwa barua pepe ukitaja nukta ngapi zimekubaliwa kati ya ngapi. Ukiambiwa hakuna hata moja, angalia muda. Nukta isiyo na time haipokelewi, kwa sababu traki zinatakiwa ziwe za mtu aliyepita kweli, si mistari iliyonakiliwa kwenye ramani ya kampuni fulani. Wapo wanaobuni saa za uongo ili faili lipite. Kufanya hivyo ni kuiingizia ramani data ambayo hakuna awezaye kuitetea.

Sababu nyingine ni faili kuwa KML, aina nyingine ya faili la ramani, au kuwa na njia iliyopangwa badala ya iliyorekodiwa: tafuta neno trkpt ndani yake, ukikuta rtept peke yake basi si traki. Alama ulizoweka njiani kwa ajili ya maduka na misikiti, zile za wpt, hazisomwi kabisa wakati wa kupakia. Hazijapotea, ziko kwenye faili lako, na utaziona ukilifungua kwenye JOSM.

Mwenzako akilalamika kwamba anaona nukta zilizotawanyika pasipo mstari, umechagua kiwango cha faragha kinachoficha mpangilio na muda. Hiyo si hitilafu. Kwa anayeanza safari zake nyumbani ningeshauri abaki hapo, au akate mita mia kadhaa za mwanzo na za mwisho kabla ya kupakia kwa uwazi.

## Nimepakia, lakini barabara haipo kwenye ramani

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwavunja moyo wengi kwa dakika chache: kupakia traki hakuchori chochote. Traki huwekwa kando kama ushahidi, na binadamu ndiye anayeitazama na kuchora barabara juu yake. Tena si lazima hata uipakie. Fungua kihariri cha iD kwenye tovuti, buruta faili la GPX ulidondoshe juu ya ramani, na traki itatokea kwako peke yako. Chora barabara, ipe tagi, yaani lebo inayosema ni kitu gani, hifadhi.

Ukishachora na bado haionekani, swali la kwanza ni kama ulihifadhi kweli. Kwenye JOSM watu hulihifadhi faili kwenye kompyuta wakadhani wamelituma. Fungua ukurasa wako wa OpenStreetMap utazame orodha ya mabadiliko yako; kama hayapo, hayajafika. Kama yapo, gusa mstari uone tagi zake. Mstari usio na tagi hauchorwi. Ulioandikwa Highway kwa herufi kubwa badala ya highway hauchorwi pia, kwa sababu kompyuta hailitambui neno hilo.

Tagi ni sawa? Basi ni suala la kusubiri. Ramani ya tovuti kwa kawaida hujisasisha ndani ya dakika ukiwa umeivuta karibu sana, lakini mwonekano wa mbali huchelewa, na kivinjari chako chenyewe huendelea kuonyesha picha iliyoihifadhi jana. Bonyeza Ctrl na F5. Ramani ya nje ya mtandao ya OsmAnd ni hadithi nyingine: hutoka mara moja kwa mwezi, na lazima uipakue upya.

## Traki na picha ya setilaiti haviafikiani

Barabara kwenye picha iko mita 10 mashariki ya traki zako zote. Nani mkweli? Picha ya setilaiti nayo hubandikwa juu ya ramani kwa makadirio, na huweza kusogea, tena kila kampuni husogea kivyake. Traki tatu au nne za penye anga wazi zikikubaliana, ziamini hizo, kisha isogeze picha: iD na JOSM zote zina sehemu ya kurekebisha mahali pa picha bila kugusa data.

Usidhani marekebisho hayo yanafaa wilaya nzima. Kwenye miteremko ya Usambara na Uluguru, picha ya bondeni inaweza kuwa imesogea huku na ya kileleni imesogea kule, kwa sababu ya mwinuko wa ardhi. Rekebisha upya kila unapohama mtaa. Na mahali ambapo barabara zimeshachorwa na watu wengi zikakubaliana zenyewe kwa zenyewe, pengine busara ni kuilinganisha picha nazo kuliko kuhamisha kijiji.

## Barabara inaonekana, ila programu haipitishi safari hapo

Kaza jicho kwenye makutano. Mistari miwili inaweza kuonekana imegusana ilhali haina nodi, yaani nukta ya mstari, ya pamoja; kwa macho ni njia panda, kwa programu ni barabara mbili zisizojuana. Vuta nodi ya mwisho uiweke juu ya mstari mwingine mpaka zishikane. Kikagua makosa cha JOSM huyaonyesha mengi ya haya kabla hujatuma, na anayekipuuza hujiongezea kazi.

Kama makutano ni mazima, angalia umeiita nini. Kichochoro kilichopewa highway=footway kitakataa bodaboda hata kama zinapita hapo usiku na mchana; kinachofaa huwa highway=path pamoja na motorcycle=yes. Angalia pia kama kuna oneway=yes iliyoingia kwa bahati mbaya, au geti lenye access=private.

Ukimaliza, usipime saa hiyo hiyo. Huduma za kutafuta njia kwenye tovuti husoma data mpya baadaye kuliko ramani inayoonekana, kwa hiyo subiri hadi kesho yake ndipo uombe safari ya kutoka upande mmoja wa makutano hadi mwingine. Ikikataa bado, rudi kwenye ile nodi.